Hatua za Mpishi: Safari ya Jiko la Frankfurt

Mwaka 1926 ofisi ya ujenzi ya jiji la Frankfurt, Ujerumani, ilimkabidhi Margarete Lihotzky kazi ya kusanifu jiko litakalowekwa katika maelfu ya nyumba za bei nafuu. Alikuwa msanifu majengo kutoka Vienna, mwenye umri wa miaka 29, na alikuwa hajawahi kupika. Jambo hilo alilisimulia mwenyewe baadaye bila kuona haya. Nyumbani mama yake ndiye aliyepika, na alipoanza kazi akawa anakula mikahawani. Wanaoamini kwamba mwanamke huzaliwa akiyajua mambo ya jikoni, na kwamba ndiyo maana jiko lile lilifanikiwa, hapo wanakwama. Alichokuwa nacho Lihotzky ni mazoea ya kutazama kazi ya mtu mwingine hadi aielewe, penseli, na saa ya kupimia muda.

Usanifu wa vitu na nyumba huelezwa mara nyingi kana kwamba ni suala la rangi na umbo la kupendeza. Jiko la Frankfurt, chumba chenye upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, linaonyesha jambo gumu zaidi: kila kipimo kinachowekwa kwenye mchoro ni uamuzi kuhusu mtu fulani. Atasimama wapi, atafanya kazi gani, atakuwa peke yake au na wenzake, na nani amempa mchoraji idhini ya kumwamulia hayo yote.

Mazoea ya kutazama aliyapata shuleni. Aliingia katika shule ya sanaa na ufundi ya Vienna mwaka 1915, akawa mwanamke wa kwanza kusomea usanifu wa majengo hapo. Walimu wenyewe hawakuamini kwamba kuna mtu angempa mwanamke nyumba ajenge. Mwaka 1917 alitaka kushindania tuzo ya michoro ya nyumba za wafanyakazi. Mwalimu wake, Oskar Strnad, alimwelekeza kwanza aende kwenye mitaa ya wafanyakazi akaone wanavyoishi, ndipo aje kuchora. Akaenda. Aliyoyakuta ni familia nzima iliyojibana katika chumba kimoja na jiko, na vitanda vilivyokodishwa kwa zamu kwa watu wa nje ili kodi ya nyumba ipatikane. Tuzo aliipata.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Vienna ilikuwa na njaa. Watu walivamia ardhi pembezoni mwa jiji, wakalima viazi na kujijengea vibanda, na baada ya muda wakajiunga katika vyama vya ushirika. Lihotzky alifanya kazi na walowezi hao wa mjini pamoja na Adolf Loos, msanifu mwenye maneno makali aliyeyachukia mapambo. Hapo alijifunza usanifu usio na anasa ya makosa. Mbao zilikuwa haba, fedha haikuwepo, na mwenye nyumba alisimama pembeni ya mchoraji akishika koleo. Katika maonyesho ya walowezi ya mwaka 1923 kulikuwa tayari na sehemu ya jikoni ya zege aliyoibuni, itengenezwe kiwandani na kufikishwa ikiwa nzima. Kisha ukaja ugonjwa. Kifua kikuu kiliwaua wazazi wake wote wawili na yeye mwenyewe kikamlaza sanatoria mwaka 1924.

Aliyemwita Frankfurt ni Ernst May. Walikutana Vienna miaka michache kabla, Loos alipomtuma binti huyo amtembeze mgeni kutoka Ujerumani. May alizaliwa Frankfurt mwaka 1886, akasoma Uingereza na kufanya kazi kwa Raymond Unwin, mmoja wa waasisi wa miji ya bustani. Mwaka 1925 Meya Ludwig Landmann alimpa madaraka makubwa ambayo wasanifu wengi huyaota tu: mipango miji, ujenzi wa nyumba na bustani, vyote chini ya mkono mmoja.

Fedha nazo zilikuwepo, na chanzo chake kinafaa kuelezwa kwa sababu bila hicho jiko lenyewe lisingekuwepo. Mfumuko wa bei wa mwaka 1923 uliyeyusha madeni ya wenye nyumba wa Ujerumani. Aliyekuwa amekopa kujenga alijikuta hadaiwi chochote, huku aliyeweka akiba benki amebaki na karatasi. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwatoza kodi wenye nyumba za zamani ili neema ile isiyo na jasho igharimie nyumba mpya. Kwa fedha hizo May alijenga nyumba zipatazo 15,000 katika miaka mitano: Praunheim, Römerstadt, Westhausen na kwingineko. Kuta za baadhi ya nyumba zilikuwa mabamba ya zege yaliyomwagwa kiwandani na kuinuliwa kwa winchi.

Lakini nyumba iliyojengwa kwa fedha ya kuhesabu lazima iwe ndogo, na hapo ndipo swali la jiko lilipoanza. Familia ya mfanyakazi wa Ujerumani ilizoea chumba kimoja kikubwa chenye jiko la makaa ya mawe, ambamo ilipika, ikala, ikaota moto, ikafua, na usiku wengine wakalala humo. Sababu ilikuwa moto. Makaa yalikuwa ghali, kwa hiyo palipo na moto ndipo familia ilipokaa. Gesi ilibadili hesabu hiyo. Jiko la gesi huwashwa wakati wa kupika na kuzimwa mara chakula kikiiva, halimpi mtu sababu ya kukaa karibu nalo. Lihotzky alizipima njia zote, ikiwemo ile ya kuacha chumba kimoja cha kupikia na kuishi, akachagua chumba kidogo cha kazi tupu, kikitenganishwa na sebule kwa mlango wa kuteleza. Kutoka kwenye moto hadi meza ya chakula aliweka umbali usiozidi mita 3, ili mama anayepika aweze kuwaona watoto wake sebuleni.

Nadharia aliyoitumia ilitoka Marekani. Catharine Beecher, pamoja na dada yake Harriet Beecher Stowe, alikuwa ameeleza tangu mwaka 1869 jinsi jiko la nyumbani linavyoweza kujifunza kutoka jiko la meli, ambamo mpishi hunyoosha mkono tu na kila kitu kipo. Baadaye Frederick Winslow Taylor akaingia viwandani na saa, akivunjavunja kazi ya mfanyakazi katika miondoko midogomidogo na kuupima kila mmoja. Christine Frederick, mama wa nyumbani na mwandishi, aliyahamishia hayo jikoni. Katika kitabu chake cha mwaka 1913 alichora majiko mawili na kufuatisha kwa mistari njia za mpishi anayeandaa mlo mmoja. Katika jiko baya mistari ilikatizana huku na huko, katika jiko jema ilikwenda kwa mfuatano mmoja mfupi. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kijerumani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Lihotzky akakisoma kama mtu aliyeipata zana aliyokuwa akiitafuta.

Hapa pana jambo ambalo historia nyingi za usanifu hulipita haraka. Wafanyakazi wa viwandani waliichukia saa ya Taylor, na walikuwa na haki: muda uliookolewa ulikuwa mali ya tajiri. Jikoni je, nani anaupata muda uliookolewa? Frederick mwenyewe, mwaka 1929, alitoa kitabu kingine kilichowafundisha wenye viwanda namna ya kumuuzia bidhaa mama wa nyumbani. Lihotzky alikuwa na jibu la mrengo wa kushoto. Aliwaona wanawake wa kizazi chake wakianza kuajiriwa maofisini na viwandani, kisha wakirudi jioni kuanza zamu ya pili. Kila hatua iliyopunguzwa jikoni aliihesabu kuwa muda wa mwanamke huyo kupumzika, kusoma, au kukaa na watu wake. Mbinu ile ile, saa ile ile, na makusudi mawili yasiyofanana hata kidogo.

Mfano mwingine aliutazama kwenye reli. Magari ya chakula ya kampuni ya Mitropa yalikuwa na majiko membamba ambamo wapishi wachache waliwalisha abiria wengi safarini. Alichukua ubanifu huo, ila mpishi wake alimkalisha. Katikati ya chumba aliweka stuli inayozunguka, na chini ya dirisha meza ya kukatia yenye urefu unaomfaa mtu aliyeketi, mwanga wa mchana ukimwangukia mikononi. Kwenye meza hiyo kulikuwa na tundu na droo chini yake ambamo maganda yalisukumwa moja kwa moja, kisha droo ikachomolewa kwenda kumwagwa. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Taa haikuning'inia mahali pamoja bali ilisogezwa juu ya reli darini, ikamfuata mpishi. Vyombo vilivyooshwa viliingia kwenye kichanja cha ukutani vikajikausha vyenyewe, hivyo kazi nzima ya kufuta sahani ikafutwa kwenye orodha ya kazi za siku. Kulikuwa pia na sanduku la kuivishia chakula: chungu kilichochemka hutiwa humo asubuhi na chakula kikaendelea kuiva bila moto, kama jikokapu linavyofanya Kenya leo.

Vifaa vyenyewe navyo vilichaguliwa kwa sababu maalumu. Droo za unga zilitengenezwa kwa mti wa mwaloni, ambao una tanini na huwafukuza wadudu wa unga. Meza za kukatia zilikuwa za mbao za bichi, ngumu kiasi cha kustahimili kisu. Makabati yalipakwa rangi ya buluu iliyoelekea kijani, kwa kuwa watafiti walikuwa wamesema nzi hawapendi kutua juu yake. Chini ya kabati zilipangwa droo ndogo za alumini zenye mkono na mdomo wa kumiminia, kila moja ikiwa imeandikwa jina la kitu cha kutiwa humo: sukari, mchele, na kadhalika.

Droo hizo ndizo ninazozirudia kila ninapolifikiria jiko hili. Ni nzuri kwa kuzitazama, na ukivuta moja unamimina bila kutafuta kijiko. Lakini jina limekwisha andikwa. Familia isiyokula kitu kilichoandikwa pale imeshaambiwa na jiji inapaswa kula nini. Tena zilikuwa chini kiasi kwamba mtoto mdogo alizifikia kwa urahisi, na kila aliyelea mtoto anajua maana ya mtoto na droo ya unga. Mwenye kuchora alikuwa ameihesabu miondoko ya mikono ya mama, ya mtoto hakuihesabu. Inashangaza, kwa kuwa huyu ndiye msanifu ambaye maishani mwake angechora shule nyingi za watoto kuliko majiko.

Jiko lilionyeshwa kwa umma mwaka 1927 na kuingizwa katika nyumba zipatazo 10,000. Lilitengenezwa kiwandani, likaletwa likiwa kamili, na gharama yake ikachanganywa kwenye kodi ya nyumba, ili mpangaji asihitaji kununua kabati lolote. Mpiga picha Paul Wolff alitengeneza filamu iliyolinganisha jiko la kizamani na hili jipya. Filamu ilihitajika, maana wapangaji walihamia na mizigo yao. Walikuja na makabati makubwa ya urithi ambayo hayakuingia mlangoni, pamoja na desturi ya kula jikoni. Wengine walijaribu kubana meza ya chakula ndani ya chumba ambamo watu wawili hawakuweza kupishana. Binti hakuweza kumsaidia mama kuosha vyombo, na mume aliyetaka kusaidia alipata kisingizio cha kutosha kutoka kwa wasanifu. Kule Römerstadt, ambako kila kitu kiliendeshwa kwa umeme, wapangaji walilalamikia bili.

Ofisi ya May ilielekea kuyaona malalamiko hayo kama ushamba wa kupita, wa watu wasiojua bado kuishi kisasa. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na ufa. Walitafitiwa hatua zao, lakini hawakuulizwa. Walowezi wa Vienna walikuwa wateja waliosimama na koleo mkononi. Wapangaji wa Frankfurt walikuwa idadi katika jedwali. Na kwa haki ya Lihotzky niseme pia kwamba idadi hiyo ilipata bafu, mwanga wa jua, bustani na jiko lenye maji ya bomba, mambo ambayo wazazi wao hawakuyajua.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulikausha fedha za nyumba. Oktoba 1930 May alipanda treni kwenda Umoja wa Kisovyeti na kundi la wataalamu wapatao 17 kusanifu miji mipya ya viwanda, ikiwemo Magnitogorsk. Lihotzky, sasa Schütte-Lihotzky baada ya kuolewa na msanifu mwenzake Wilhelm Schütte, alikuwemo, akisimamia shule za chekechea na vitalu vya watoto. Mipango mingi ya kundi hilo ilichakachuliwa na uhaba wa vifaa na amri zilizobadilika kila mara. Kufikia mwisho wa 1933 May alikuwa amechoka na Moscow, na Ujerumani ilikuwa mikononi mwa Wanazi, ambao hawakuwa na nafasi kwa mtu wa asili ya Kiyahudi aliyejenga mapaa bapa. Akaja Afrika Mashariki.

Mwaka 1934 aliyekuwa bwana mkubwa wa ujenzi wa Frankfurt akawa mkulima karibu na Arusha, Tanganyika. Miaka michache baadaye alifungua ofisi Nairobi. Vita vilipoanza Waingereza walimweka kizuizini kama Mjerumani, ingawa Ujerumani yenyewe ilikuwa imemkataa. Alipotoka alirudia kazi na mbinu zake za zamani. Mwaka 1945 alibuni nyumba ya mabamba ya zege yaliyopinda, ya kuangikwa kwenye mhimili, ili mafundi wachache wasio na ujuzi mkubwa waijenge upesi kwa ajili ya Waafrika wa mijini. Mfumo huo haukuenea. Katika miaka hiyohiyo alichora mpango wa kupanua Kampala kuelekea Kololo na Naguru.

Mpango wa Kampala unasomeka kama Frankfurt iliyohamishwa: vilima, bustani, mitaa inayofuata mteremko wa ardhi. Ila aliyelipa ni serikali ya kikoloni, na ramani iligawa makazi kufuata rangi za watu, Waafrika wakipangiwa upande wa Naguru na Nakawa. May aliandika juu ya Waafrika kama watu wa kulelewa hatua kwa hatua kuelekea maisha ya mjini. Ushamba aliouona kwa wapangaji wa Frankfurt ulikuwa sasa umepewa rangi, na safari hii mpangaji hakuwa na kura wala gazeti la kulalamikia.

Moshi ilikuwa hadithi tofauti. Hapo mteja wake alikuwa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima Wachaga wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, kilichokuwa na fedha zake za kahawa na mawazo yake kuhusu kinachotakiwa. Jengo alilowachorea mwishoni mwa miaka ya 1940 lilikuwa la ofisi, maduka na shughuli za wanachama. Ukitaka kuona mbinu moja mikononi mwa wateja wawili, linganisha mpango wa Kampala na jengo la Moshi. Mchoraji ni yule yule. Aliyebadilika ni mwenye kutoa amri. May alirudi Ujerumani mwishoni mwa 1953, akajenga tena maelfu ya nyumba katika miji iliyobomolewa na vita, akafariki Hamburg mwaka 1970.

Schütte-Lihotzky alipita njia ngumu zaidi. Alitoka Urusi mwaka 1937, na kupitia Paris akafika Istanbul, ambako alijiunga na Waaustria waliokuwa wakiupinga utawala wa Hitler. Mwishoni mwa 1940 alirudi Vienna kwa siri kufanya mawasiliano na wapinzani wa ndani. Januari 1941 Gestapo wakamkamata. Mwenzake, msanifu Herbert Eichholzer, aliuawa kwa kukatwa kichwa. Yeye alihukumiwa miaka 15, akakaa gereza la Aichach huko Bavaria mpaka wanajeshi wa Marekani walipolifungua Aprili 1945.

Aliporejea Vienna baada ya vita, jiji lililohitaji nyumba kila kona lilimpa kazi chache mno. Alikuwa Mkomunisti, na wakati wa vita baridi hilo lilitosha. Alialikwa na Cuba, China na Ujerumani ya Mashariki kutoa ushauri, huku kwao akichora kidogo. Heshima ilikuja uzeeni. Mwaka 1988 aliikataa nishani ya taifa kwa sababu ingetolewa na Rais Kurt Waldheim, ambaye historia yake katika jeshi la Hitler ilikuwa imezua mzozo mkubwa. Aliipokea mwaka 1992, rais mwingine alipokuwa madarakani.

Miaka ya 1970 wanaharakati wa haki za wanawake walilishambulia jiko lake. Walisema lilimfungia mwanamke peke yake kwenye chumba chembamba na kuifanya kazi ya nyumbani ionekane kama ajira ya kitaalamu, ili asiulize kwa nini ni yake peke yake. Hoja hiyo ina uzito, na kipimo cha mita 1.9 kinaiunga mkono. Yeye alijibu kwamba lipimwe kwa wakati wake, dhidi ya chumba chenye moshi alichokikuta kwa wafanyakazi wa Vienna. Wakati huohuo wapangaji wa Frankfurt walikuwa wakiyang'oa majiko hayo na kuyatupa ili waweke mapya, na makumbusho yakaanza kuyatafuta. Moja la mtaa wa Höhenblick limo katika makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York.

Kuulizwa jiko tu kulimchosha. Uzeeni alikuwa akisema kwamba kama angejua watu hawatazungumza kingine, asingelijenga kamwe. Alifariki Januari 2000, zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka 103. Huko Vienna alijenga shule mbili za chekechea baada ya vita, moja Kapaunplatz na nyingine Rinnböckstraße, na katika miaka ya 1960 alichora mfumo mzima wa chekechea wa sehemu za kuunganishwa, ambao ungewezesha shule kupanuliwa au kupunguzwa kadiri ya idadi ya watoto. Jiji halikuutumia.